Uraia wa Italia: Mambo Yampasayo Kijana Kuyajua Kabla ya Kufunga Safari

Mtu akivuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, sehemu ambayo zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Temeke, atasikia watu wakitaja jina la TIPER, penye matangi makubwa ya mafuta. Jina hilo limezoeleka sana, walakini ni wachache wajuao kwamba ndani yake mna jina la Italia. Herufi hizo ni kifupi cha jina la kampuni ya Watanzania na Wataliani ya kusafisha mafuta, na mtambo wake ulianza kazi mwaka 1966. Kazi ya kusafisha mafuta ilikwisha koma; leo mahali hapo ni ghala la kuhifadhia mafuta. Wataliani vile vile ndio waliolaza bomba la mafuta litokalo Kigamboni mpaka Ndola, Zambia, mwendo wa kilomita 1,700 hivi, lililomalizika mwaka 1968.

Basi Italia si nchi ngeni kwetu. Mapadre wa Consolata walifika nyanda za Iringa mwaka 1919, na misheni ya Tosamaganga yajulikana hata leo. Kule Kenya, mateka wa Kitaliani wa Vita Kuu ya Pili walijenga kanisa dogo Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, mwaka 1942. Malindi na Watamu wamekaa Wataliani wengi hata vijana wa pwani hiyo wakajifunza kusema lugha yao sokoni na ufukweni. Unguja nako, upande wa Kiwengwa, mambo ni kama hayo.

Na sisi nasi twaiendea Italia. Wako Watanzania wafanyao kazi huko, wako wasomao katika vyuo vikuu, na wako waliooa au kuolewa huko. Kijana wa Tandika au wa Mwananyamala aonaye mpira wa Italia na kusikia habari za jamaa walio ng'ambo, huenda akasema moyoni, "Nami nitakwenda, nami nitakuwa Mtaliani." Neno hilo la pili ndilo nitakalo kulieleza hapa, kwa kuwa watu wengi huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: kuitembelea nchi, kukaa katika nchi, na kuwa raia wa nchi.

1. KUTEMBEA

Mtanzania atakaye kwenda Italia hana budi kuwa na pasipoti na viza. Viza huombwa kwa njia ya Ubalozi wa Italia uliopo Dar es Salaam. Viza ya matembezi yampa mtu ruhusa ya kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote za umoja wa Schengen, wala si kwa Italia peke yake. Kwa hiyo mtu aliyekaa siku 60 Ufaransa amebakiwa na siku 30 tu za kukaa Italia katika muda huo.

Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Yeye ni mgeni. Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," lakini kwa sheria za huko mgeni wa matembezi hata akilitaka jembe hapewi.

2. KUKAA

Aendaye kusoma, kufanya kazi, au kuishi na mume au mke wake, sharti aombe viza ya namna nyingine, ya muda mrefu. Akiisha kufika Italia, yampasa katika siku 8 za kazi aombe kibali cha kukaa, kiitwacho kwa Kitaliani permesso di soggiorno.

Hapo tusimame kidogo, maana neno hili permesso lina somo ndani yake. Mtaliani akifika kwenye mlango wa nyumba ya mwenziwe, hata kama mlango u wazi, husema, "Permesso?" Mwenye nyumba hujibu, "Avanti!" Je, hamwoni kwamba hiyo ni hodi yetu, na jibu lake ni karibu? Basi neno lile lile wapigalo hodi nalo mlangoni ndilo jina la kibali cha kukaa katika nchi yao. Mtu mwenye adabu haingii nyumba ya watu bila hodi. Na aingiaye nchi ya watu kwa kujificha melini, au akaaye baada ya viza kwisha, ameingia bila hodi. Miaka yake ya kujificha haihesabiwi. Hata akikaa huko miaka 20 bila kibali, mbele ya sheria ya uraia ni kama aliyefika jana.

Mtu aliyekaa kwa halali miaka 5, mwenye kipato cha kutosha, akafaulu mtihani mwepesi wa lugha, aweza kuomba kibali cha mkaaji wa muda mrefu. Kibali hiki watu wengi hawakijui, nacho kina faida kubwa. Champa mtu nafasi ya kufanya kazi na kukaa bila hofu ya kila mwaka, naye abaki raia wa Tanzania kama alivyokuwa.

3. KUWA RAIA

Sheria ya uraia wa Italia itumikayo ni ya mwaka 1992, nambari 91. Msingi wake ni damu: mtoto wa baba Mtaliani au mama Mtaliani ni Mtaliani. Zamani wajukuu na vitukuu wa Wataliani waliohamia Argentina, Brazili na kwingineko waliweza kudai uraia kwa babu wa zamani sana. Mwaka 2025 mlango huo ulipunguzwa: kwa kawaida sasa aliyezaliwa ng'ambo aweza kudai kwa mzazi wake au kwa babu au bibi yake tu, wala si zaidi ya hapo.

Mgeni asiye na damu ya Kitaliani ana njia hizi:

(a) Kwa kukaa. Mtu wa nchi iliyo nje ya Umoja wa Ulaya, kama sisi, sharti akae kwa halali miaka 10 mfululizo. Raia wa nchi za Umoja huo hukaa miaka 4, na mkimbizi miaka 5.

(b) Kwa ndoa. Aliyeoa au kuolewa na Mtaliani aweza kuomba baada ya miaka 2 akikaa Italia, au miaka 3 akikaa nje. Wakiwa na mtoto, muda huo hupunguzwa nusu.

(c) Kwa kuzaliwa huko. Mtoto wa wageni aliyezaliwa Italia hawi raia kwa kuzaliwa tu. Lakini akikaa humo kwa halali bila kukatiza mpaka atimize miaka 18, ana mwaka mmoja wa kutamka kwamba autaka uraia.

Mwezi wa Juni 2025 Wataliani waliitwa kupiga kura ya maoni ili ile miaka 10 ipunguzwe iwe 5. Sheria yao yataka zaidi ya nusu ya wenye haki ya kura wajitokeze. Waliojitokeza walikuwa kiasi cha thuluthi moja tu, na kwa hiyo kura ile haikuwa na nguvu. Miaka 10 ikabaki.

Tutazame mfano wa hesabu. Tuseme kijana wa Temeke, mwenye umri wa miaka 20, anakwenda Italia mwaka 2026 kwa kazi ya halali, akajiandikisha mara moja katika daftari la wakaaji la manispaa anakokaa. Mwaka 2031 aweza kuomba kibali cha mkaaji wa muda mrefu. Mwaka 2036 aweza kuomba uraia. Ataonyesha kipato chake cha miaka mitatu, hati ya kuzaliwa na hati ya polisi kutoka kwao, na cheti cha lugha cha daraja la B1, yaani daraja la tatu katika madaraja sita. Atalipa ada ya Euro 250. Serikali ina muda wa miaka 2 kuyatazama maombi, na huweza kuuongeza hata kufika 3. Akikubaliwa, ana miezi 6 ya kula kiapo cha kuwa mwaminifu kwa Jamhuri, katiba na sheria zake. Hapo ni mwaka 2038 au 2039, naye ni mtu wa miaka 32 au 33. Akichelewa kujiandikisha katika daftari, au akiacha kibali kife katikati, hesabu huharibika.

4. NA HUKU NYUMBANI JE?

Hapa ndipo penye jambo zito. Italia yaruhusu mtu wake kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya nayo yaruhusu tangu Katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo mzaliwa wa Malindi aliye raia wa Kenya akipata uraia wa Italia haachi ule wa kwanza. Walakini Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Mtanzania aliyetimiza miaka 18 akiomba kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine na kuupata, hukoma kuwa Mtanzania. Mtoto wa Mtanzania na Mtaliani aweza kuwa na uraia wote wawili utotoni, lakini akifika miaka 18 hana budi kuchagua.

Basi yule kijana wetu, siku ile ale kiapo, atakuwa amepata pasipoti ya Italia na kupoteza ya Tanzania. Hatapiga kura tena hapa kwetu. Akija kumwona mama yake Mbagala atakuja kwa viza. Tena iko habari ya ardhi: kwa sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia mwingine waweze kupewa Hadhi Maalumu, ambayo yawarudishia baadhi ya haki, hata za ardhi. Hilo ni jambo jema, lakini hadhi hiyo si uraia, wala haimpi mtu kura.

Sisemi kwamba ni vibaya kuchukua uraia wa Italia. Mtu aliyejenga maisha huko, mwenye mke na watoto huko, huenda akaona ni haki kuwa na kura mahali alipapo kodi yake. Wako pia wasemao "Mwacha asili ni mtumwa," lakini methali moja haitoshi kumwamulia mtu maisha yake. Nisemalo ni hili: mtu achague akijua. Wengi hudhani uraia ni cheti cha kuongeza juu ya vingine, kumbe kwa Mtanzania ni kubadilishana. Na aitakaye kazi, elimu na makao tu, kibali cha muda mrefu chamtosha, bila kuacha kitu.

5. DESTURI NA LUGHA

Apendaye maisha ya Kitaliani na aanze na lugha, maana hiyo haihitaji viza. Mswahili ana bahati, kwa kuwa maneno mengi ya Kitaliani huishia na irabu kama yetu. Angalieni haya machache:

Herufi c mbele ya e au i husomwa kama ch yetu, na ch yao husomwa kama k. Neno chiesa, yaani kanisa, husomwa "kiesa".

Herufi gn husomwa kama ny. Signora, yaani bibi au mama wa heshima, husomwa "sinyora".

Konsonanti mbili hukazwa. Nono maana yake ni "wa tisa", bali nonno ni "babu". Asiyekaza atamwita babu yake wa tisa.

Salamu ya mchana ni buongiorno, na ya jioni ni buonasera. Ciao ni ya marafiki na watoto. Usimwambie mzee usiyemjua, kama vile usivyomwambia mzee wa kwetu "mambo". Hata katika kusema "wewe" wana namna mbili: tu kwa mwenzio, na Lei kwa mkubwa na mgeni. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata taabu kulielewa jambo hilo.

Chakula cha mchana cha Jumapili hukutanisha babu, bibi, wana na wajukuu meza moja, nao hukaa muda mrefu. Tarehe 2 Juni ni sikukuu ya Jamhuri, kwa kukumbuka kura ya mwaka 1946 iliyoondoa ufalme. Tarehe 15 Agosti, iitwayo Ferragosto, maduka mengi hufungwa na watu huenda pwani au milimani. Mwenye shida ya ofisini na asiingoje siku hiyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya viza ya matembezi, kibali cha kukaa, na uraia.
2. Mtanzania alifika Italia mwaka 2020, lakini alijiandikisha katika daftari la wakaaji mwaka 2023. Aweza kuomba uraia mwaka gani, na kwa nini?
3. Kwa nini uamuzi wa mzaliwa wa Malindi na uamuzi wa mzaliwa wa Temeke si sawa, ingawa wote wautaka uraia wa Italia?
4. Taja haki mbili ambazo Mtanzania huzipoteza akichukua uraia wa nchi nyingine.
5. Jadilini darasani na nyumbani: Je, Tanzania ikubali uraia wa nchi mbili? Kila upande utoe hoja tatu, na wazazi waulizwe maoni yao.