Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe

Methali hii twaijua sote, na aghalabu twaitumia kumcheka mgeni asiyetaka kuondoka. Leo twapenda kuitazama kwa namna nyingine. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni siku zote: hula kwa mkono wa mwenziwe, hata mwenyeji achoke na yeye mwenyewe aone haya. Kumpa jembe basi si kumdharau, bali ni kumheshimu. Ili tulielewe jambo hili vema, yafaa tujifunze habari za chama kimoja kilichoifuata njia hiyo katika nchi yetu kwa miaka mingi.

Chama hicho ni Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi ya Tanganyika, kinachojulikana kwa herufi zake TCRS. Kilianzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, wakati Watutsi waliokimbia Rwanda walipokuwa wakitafuta mahali pa kukaa. Kazi iligawanywa kwa mapatano ya pande tatu: Serikali ilitoa ardhi na utawala, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitafuta fedha, na TCRS kilishika kazi yenyewe. Mojawapo ya makazi ya kwanza lilikuwa Mwesi, katika nyanda za juu za Mpanda. Baadaye walisaidiwa watu wa Msumbiji waliokimbia vita vya ukombozi, wakakaa Rutamba, Muhukuru na mahali pengine pa kusini. Nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975, wengi wakarudi kwao.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya mauaji ya mwaka 1972 huko Burundi. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka, nao wakapelekwa Ulyankulu, katika Mkoa wa Tabora, na Katumba, upande wa Mpanda. Penye vijiji leo palikuwa msitu wa miombo. Kila jamaa ilipewa shamba, majembe, mbegu, na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno. Barabara zikakatwa, visima vikachimbwa, shule na zahanati zikajengwa. Mavuno yalipoongezeka, chakula cha msaada kikapunguzwa. Na watu wale wale waliokuja mikono mitupu wakaanza kuuza mazao ya ziada na kulima tumbaku.

Tusidhani ya kwamba kila jambo lilikwenda sawa. Ulyankulu watu walizidi, maji na ardhi vikawa havitoshi. Hapo wasaidizi hawakuficha kosa, bali makazi mapya yalifunguliwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970, na maelfu wakahamia huko. Mishamo ilikuwa na vijiji 16, nayo ilikabidhiwa Serikali mwaka 1985. Naam, msaidizi mwema hutazamia siku ambayo hatahitajiwa tena. Mwaka 2006 chama chenyewe kikawa chama cha wenyeji wa Tanzania.

Walakini jembe hutoa chakula, halitoi uraia. Watoto waliozaliwa katika makazi hayo, waliosoma shule zetu na kusema lugha yetu, waliendelea kuitwa wakimbizi, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Ndipo mwaka 2007 Serikali ilipowapa watu wa mwaka 1972 hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Na mwaka 2014, baada ya kungoja kwingi, zaidi ya 162,000 wakaanza kupewa hati zao. Hesabuni, wasomaji: ni miaka 42. Mtu aliyebebwa mgongoni na mamaye alipovuka mpaka alipokea hati yake akiwa na wajukuu.

Twajifunza nini? Kwanza, sadaka isiyo na kazi humwacha maskini palepale alipokuwa. Pili, hakuna mmoja awezaye peke yake: Serikali bila chama, au chama bila ardhi ya wenyeji, kisingefaulu kitu. Tatu, wema hauulizi dhehebu. Wengi miongoni mwa Warundi hao walikuwa Wakatoliki, na waliowachimbia visima walikuwa chama cha Walutheri. Sisi tunaomheshimu Mtoto Yesu aliyekimbizwa Misri, hatuna budi kushukuru na kuiga.

Limebaki sharti moja ambalo si Serikali wala chama kiwezacho kulitimiza, nalo liko mikononi mwa jamaa zetu. Hati hutolewa ofisini, lakini ujirani hutolewa kisimani, sokoni na katika jumuiya. Ikiwa jirani yetu amepata uraia, nasi tungali twamwita mkimbizi mbele ya watoto wake, tumemnyang'anya kwa ulimi alichopewa kwa sheria. Ikiwa binti yake anachumbiwa na kijana wetu, nasi twauliza babu yake alitoka wapi kabla ya kuuliza tabia yake, basi miaka 42 ile haijaisha.

Wazazi, zungumzeni habari hizi na watoto wenu jioni ya leo. Waulizeni: Katika kijiji chetu, au mtaa wetu, ni nani ambaye bado twamhesabu kuwa mgeni ingawa ameshika jembe siku nyingi? Kisha wapelekeni wakamsalimu.