SOMO LETU: MBUNI NA ZAMU YA KUATAMIA

Kuna ndege aitwaye pengwini. Haruki. Wadogo hawafiki hata nusu mita, wakubwa hupita mita moja, na kwa hao wakubwa baba ndiye huatamia yai juu ya miguu yake, kama miezi miwili.

Sisi huku Garissa tunaye mbuni, mwenye shingo na miguu ya rangi ya buluu na kijivu. Naye haruki, lakini kwa urefu dume hupita mita mbili. Jike, wa rangi ya vumbi, huatamia mchana, haonekani upesi. Dume, mweusi, hushika zamu usiku. Hivyo kwa siku 42 hivi.

Tukitembelea vikundi tunakuta mayai yameokotwa malishoni. Yai moja ni mlo wa siku moja tu, na mbuni hawa wanazidi kupungua. Tena sheria ya 2013 inakataza kuyachukua bila kibali.

Mjadiliane:
1. Kiota kikionekana, tuwaambie nini vijana wachungaji?
2. Nyumbani kwetu, nani anashika zamu ya usiku mtoto akiugua?