Vidole Vinavyogeuka Rangi kwa Baridi

Wapo wanaosema maradhi ya Raynaud, yanayogeuza vidole rangi kwa baridi, ni ya Ulaya, kwani sisi tuko karibu na ikweta. Ni kweli daktari Maurice Raynaud aliyaeleza huko Paris mwaka 1862, lakini mishipa ya damu haingoji theluji ndipo ijibane. Kinachoiamsha ni joto kushuka ghafla, na milima yetu ya Masisi haina mwezi usio na jambo hilo. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6, ndiyo maana anayetoka chini kwenye msitu wa Walikale hutetemeka akifika juu. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, usiku usio na mawingu huliacha joto la ardhi litoroke, na alfajiri inakuwa kali. Mvua ikirudi, nguo mbichi na upepo hufanya kazi ileile. Anayekamua ng'ombe, kisha akaosha vidumu vya maziwa kwa maji ya kijito kabla ya jua kutoka, huona ncha za vidole zikipauka na kufa ganzi, zikawa za buluu, na damu inaporudi zikawa nyekundu na kuuma. Kwenye ngozi nyeusi, tazama kucha na upande wa ndani wa vidole. Kwa hiyo kungoja msimu wa baridi ndipo ujikinge ni kuchelewa.

Wengine husema ni sumu ya jirani. Sumu haiji na maji baridi na kuondoka kwa joto. Shida hii huja na kuondoka hivyo, tena hata hofu au hasira huweza kuiamsha. Na Walikale kwenye joto? Huko mpasua mbao ashikaye msumeno wa mota miaka mingi anaweza kuipata, maana mtikisiko wake huumiza mishipa na neva za mkono.

Vaeni soksi na glavu, na kifua pia kifunikwe, kwani mwili ukipoa vidole hunyimwa damu kwanza. Osheni vyombo kwa maji ya vuguvugu. Acheni sigara. Vidole vilivyokufa ganzi visiwekwe juu ya moto, vitaungua bila ninyi kuhisi. Na mbabula ya makala isilale ndani ya nyumba au hema, gesi yake isiyoonekana huua. Nendeni kituo cha afya haraka kidole kikipata kidonda, shida ikishika mkono mmoja tu, au ngozi ikikakamaa na viungo vikiuma. Mwambieni muuguzi dawa zote mnazomeza: propranololi ya presha, kwa mfano, huweza kuzidisha hali hiyo.