NAMNA YA KUPIMA SEHEMU ZA GALAKSI ILIYO MBALI



Galaksi ni jamii kubwa ya nyota. Nyingi ziko na sehemu mbili: kivimbe katikati, na sahani pana inayokizunguka, sawa na yai la kukaanga. Lakini galaksi ya mbali sana, katika picha ya darubini, inaonekana doa dogo tu. Sasa wataalamu wanatenganisha sehemu hizo namna gani? Kwa kupima mwangaza.

Mwaka 1970 Ken Freeman wa Australia alionyesha kwamba mwangaza wa sahani unapungua kwa uwiano ule ule kila hatua. Tuchukue mfano, kutoka katikati kwenda nje:

Hatua: 0, 1, 2, 3, 4
Mwangaza: 1000, 260, 80, 40, 20

Munaona, kuanzia hatua ya 2 mwangaza unakatika nusu kwa nusu. Hiyo ni sahani. Basi turudi ndani kwa sheria ile ile: hatua ya 1 sahani itatoa 160, na katikati 320. Lakini tulipima 260 na 1000. Ile ziada, 100 na 680, ndiyo kivimbe. Sisi wa sita, tukichora logaritmu zake, sahani inakuwa mstari ulionyooka.

Angalisho! Darubini inatawanya mwangaza. Nyota, ambayo ingekuwa nukta, inatokea doa. Vilevile kivimbe kidogo kinapanuka, mtu anakidhania sahani. Kwa hiyo wanapima kwanza doa la nyota. Kisha ordinatere inatunga galaksi ya mfano, inaitawanya vilevile, na kuitoa katika picha. Kama umbo fulani linabaki, wanarekebisha mfano na kuanza tena.

Kazi hii iko na faida gani? Galaksi kubwa mbili zikigongana, sahani zao zaweza kuvunjika. Basi kutafuta sahani za zamani ni kusoma historia ya galaksi. Darubini ya James Webb, iliyorushwa mwaka 2021, ilionyesha sahani nyingi kuliko zilivyotazamiwa, hata mahali ambapo picha za Hubble zilionyesha vurugu tu. Mwangaza wake umesafiri zaidi ya miaka milioni elfu 10.

Zoezi: mumepima 500, 120, 60, 30. Kivimbe kinatoa ngapi katikati? Mulete jibu kabla ya Ijumaa, na hapana kunakili!

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita