Je, Nimerudi Nyuma?



Dada, nimeisoma barua yako. Saa tisa usiku unawasha mkaa, alfajiri chai na chapati ziko tayari kwa wateja, mchana wali maharage, jioni watoto. Ukipiga magoti kabla ya kulala, usingizi unakuchukua kabla hujafika amina. Kabla ya biashara ulikuwa na saa yako nzima ya Biblia na maombi. Sasa kwenye kikundi wenzako wanasimama kueleza Bwana amesema nao nini, wewe unakaa kimya, na kiongozi mmoja amekwambia umerudi nyuma.

Sikubaliani naye. Aliyemwacha Mungu hakai kuandika kurasa tatu akilia kwamba anamkosa.

Tuanze na mwili wako. Eliya alipomkimbia Yezebeli, alilala chini ya mti jangwani akaomba afe. Hakukemewa kwa uvivu wa kuomba. Malaika alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye. Isome mwenyewe, 1 Wafalme 19. Usingizi wako ni uchovu, dada, si dhambi. Usiutubie.

Hata hivyo, uchovu si shida yote. Naona umemtengea Mungu chumba kimoja tu cha siku yako, na kwa kuwa chumba hicho sasa kimejaa masufuria, unadhani amehama.

Karne ya 17 kulikuwa na mtawa wa Wakarmeli mjini Paris, Ndugu Lawrence, askari wa zamani aliyejeruhiwa vitani. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda kabisa. Humo humo, kwenye kelele za vyombo na watu wanaodai hiki na kile, alijizoeza kuzungumza na Mungu, hata kugeuza mayai kikaangoni kwa ajili ya kumpenda. Usidhani ilimjia kwa urahisi: alisema miaka kama kumi ya mwanzo ilikuwa ya mateso moyoni. Akili yake ilipotangatanga, alirudi kwa Mungu bila kujilaumu sana, akaendelea na kazi.

Fanya hivyo ukiwa unasukuma chapati. Maneno machache, ya kwako, ya kweli. Mweleze Mungu kuhusu mteja anayekula kwa mkopo na kupita njia nyingine, bei ya mkaa, mtoto anayekohoa. Ukicheka na wateja, mshukuru hapo hapo. Na kama humsikii, mwambie humsikii. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, wala hakuna aliyeitoa kwenye Biblia. Mama Teresa wa Kolkata aliishi miaka mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu, jambo ambalo wengi walilijua barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake. Muda huo wote aliendelea kusali na kuwahudumia maskini. Kuhisi ni zawadi. Ikija, ipokee, lakini usiifanye mizani ya imani yako.

Neno nalo usiliache. Jumapili chagua mistari miwili mitatu, ishike kichwani wiki nzima. Wafundishe watoto nao wakukumbushe.

Kuhusu kikundi, usihame. Zamu yako ikifika, simama useme ulichoniandikia. Wazee wa Uamsho uliosambaa Afrika Mashariki kuanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 waliita hivyo kutembea nuruni: kusema ukweli wa moyo mbele ya ndugu. Nadhani utakuta wengine wanabeba ukavu huo huo wa moyo na wanaogopa kuusema. Kiongozi yule akikukemea tena, zungumza na mchungaji.

Mumeo hukumtaja. Kama yupo nyumbani, mwombe siku moja kwa wiki awashe yeye mkaa, wewe ulale mpaka saa kumi na moja.