Somo la Afya: Simu ya Usiku na Maswali Yake

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ndiyo maana mzazi hushangaa anapopiga simu usiku kuomba ushauri wa tabibu, mtoto akiwa anachemka homa mgongoni, na badala ya kuambiwa la kufanya akaanza kuulizwa: mgonjwa yuko wapi, ana umri gani, ameanza kuumwa lini, anakunywa au hanywi, anapumua vipi. Saa nane ya usiku kila swali huonekana kuwa kizuizi. Wako wanaokata simu kwa hasira, wako wanaojibu ovyo ili maswali yaishe, na wako wanaoapa kutopiga tena.

Somo hili linahusu hasira hiyo: chanzo chake, sehemu yake iliyo ya haki, na namna mkazi anavyoweza kufaidika na simu bila kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Saa ambazo mlango umefungwa

Sera ya afya nchini imekusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Hata hivyo, zahanati nyingi hupokea wagonjwa wa kawaida mchana. Usiku hubaki mtumishi mmoja anayesubiri kuitwa kwa dharura, hasa za uzazi. Ugonjwa kwa upande wake haufuati ratiba: homa ya mtoto yaweza kupanda usiku wa manane, pumu ikabana alfajiri, na uchungu wa uzazi ukaja saa yoyote. Hapo ndipo simu inapotumainiwa.

Malalamiko ya wapigaji wa simu za aina hii, popote zilipo, hufanana. La kwanza ni kwamba simu huita bila kupokelewa, au hukatika katikati ya maelezo. La pili ni kwamba mpokeaji hayajui mazingira ya mpigaji: akitajiwa mbuyu uliopo ng'ambo ya mto, hapati picha yoyote. La tatu ni kurudiwa kwa maswali: wa kwanza huuliza, kisha mtaalamu anayefuata huuliza yaleyale. La nne ni jibu lenyewe, kwani baada ya yote hayo kaya huambiwa, "Mpelekeni mgonjwa kituoni," jambo ambalo ilikuwa inalijua tangu mwanzo.

Malalamiko haya yote ni mazito, lakini si ya aina moja. Mawili ya kwanza ni kasoro za huduma, na yapasa kusemwa mahali panapohusika. Mawili ya mwisho yanatokana na asili ya kazi yenyewe. Asiyeitambua tofauti hiyo huishia kugombana na swali ambalo lingemwokoa mgonjwa wake.

Kwa nini maswali ni mengi

Tabibu aliye chumbani humwona mtoto kabla mama hajaketi. Huona kama macho yamedidimia, husikia pumzi, hugusa paji la uso, hubana ngozi ya tumbo aone kama inarudi upesi. Mengi huyajua kabla ya kuuliza neno. Simu huyaondoa macho na mikono, ikabaki sikio peke yake. Kila swali linaloulizwa ni badala ya jambo ambalo tabibu angeliona kwa macho yake. "Ananyonya?" ni badala ya kumwona mtoto akishika titi. "Amelegea?" ni badala ya kumwinua kitandani.

Mpangilio wa maswali nao una sababu. Yanayotangulia hutafuta hatari inayoua upesi, hata kama mpigaji hakuitaja. Ndiyo maana anayeeleza homa huulizwa kuhusu degedege, na mjamzito anayelalamikia kichwa huulizwa kama anaona maruerue. Mpokeaji hakukosa kusikiliza. Anaondoa kwanza lile baya zaidi.

Jibu la "nendeni kituoni" pia lina maana yake. Homa katika maeneo yenye malaria haiwezi kutambuliwa kwa sauti. Huhitaji kipimo cha damu. Lakini jibu hilo halijakamilika mpaka liseme ni lini: usiku huu au asubuhi? Mpigaji ana haki ya kuuliza, na yampasa aulize maswali matatu kabla ya kukata simu: "Je, anaweza kusubiri hadi asubuhi? Nimfanyie nini kwa sasa? Dalili gani ikitokea nisisubiri tena?"

Kero hii haiko Tanzania pekee. Mwaka 1998 Uingereza ilianzisha simu ya ushauri iliyoitwa NHS Direct, ambayo wauguzi walikuwa wakitoa ushauri. Baadaye, katika England, ilifuatiwa na namba 111, ambayo wapokeaji wake wengi si wauguzi bali ni watu waliofunzwa kufuata maswali yaliyo kwenye kompyuta, wataalamu wakiwa nyuma yao. Namba hiyo ilipoenezwa mwaka 2013, maeneo kadhaa yalishindwa kupokea simu kwa wakati, na wananchi walilalamika kwa sauti kubwa. Nchi yenye hospitali nyingi na mtandao imara ilijifunza kwamba simu ya ushauri hufaa pale tu penye wapokeaji wa kutosha, na kwamba orodha ya maswali haichukui nafasi ya mtaalamu.

Namba mbili zisizofanana

Hasira nyingine hutokana na kupiga namba isiyo ya shida iliyopo. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya, kwa taarifa na ushauri wa afya. Namba 115 ni ya mfumo wa M-mama, unaoshughulikia usafiri wa dharura kwa wajawazito, wanawake waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Zote mbili hupigwa bila malipo.

M-mama ilianza kwa majaribio katika Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mfumo huo kitaifa. Mpokeaji wa simu huuliza maswali kufuata mwongozo, hupima uzito wa dharura, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipokuwa karibu, huitwa dereva wa jamii aliyeingia makubaliano na mfumo, naye hulipwa kwa safari hiyo, si na familia ya mgonjwa. Kwa hiyo mama anayetokwa damu hana haja ya kuomba ushauri kwanza. Simu yake ni 115, na maswali atakayoulizwa ndiyo yanayoamua gari liende wapi na kwa haraka gani.

Dalili zisizosubiri ushauri

Kuna hali ambazo mazungumzo marefu ni hasara. Ikionekana mojawapo ya hizi, safari ianze, na simu ipigwe wakati maandalizi yanaendelea:

Kwa mtoto: kushindwa kunywa au kunyonya; kutapika kila anachopewa; degedege; kulegea sana au kupoteza fahamu; kifua kubonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi.

Kwa mjamzito au aliyejifungua: kutokwa damu nyingi, kuumwa kichwa sana pamoja na kuona maruerue, kifafa, homa kali, maumivu makali ya tumbo, kupasuka kwa chupa kabla ya uchungu kuanza, mtoto kuacha kucheza tumboni.

Kwa mtu yeyote: kushindwa kupumua, maumivu makali ya kifua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au mdomo kwenda upande, kuumwa na nyoka, kunywa sumu.

Mwenye degedege alazwe kwa ubavu, wala asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Chupa ya alichokunywa ichukuliwe kwenda nayo kituoni. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala jeraha lisinyonywe. Atulizwe, na kiungo kilichoumwa kisitikiswe.

Kuhesabu pumzi

Lipo jambo moja ambalo mzazi yeyote mwenye saa au simu anaweza kulifanya, nalo humsaidia sana mtaalamu aliye mbali: kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi au homa. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo ya kifuani ipandishwe, na kila kifua kinapoinuka ihesabiwe pumzi moja, kwa dakika nzima. Pumzi ni za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11. Na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5. Pumzi za haraka zaweza kuwa dalili ya nimonia, ambayo huhitaji dawa na haiishi kwa kukandwa.

Mfano wa mazungumzo

Baba mmoja anapiga simu na kusema, "Mtoto anaumwa sana, tusaidieni haraka!" Mpokeaji analazimika kuuliza mambo kumi, moja baada ya jingine, na kila swali linamwongezea baba huyo hofu.

Mwingine amejiandaa. Mpokeaji anasema, "Habari za usiku, baba. Pole na kuuguza."

"Asante, dada. Nina mtoto wa kike wa miezi 9. Ana kikohozi, na homa imeanza jana jioni. Ananyonya kidogo, hajatapika wala hajapata degedege. Nimehesabu pumzi zake akiwa ametulia, ni 58 kwa dakika. Kituo cha afya kiko mwendo wa nusu saa kwa pikipiki."

"Umefanya vyema, baba. Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi?"

"Ndiyo, naona kinabonyea kidogo chini ya mbavu."

"Basi asisubiri asubuhi. Mama aendelee kumnyonyesha, mfunikeni nguo nyepesi, nanyi muanze safari. Chukueni kadi yake ya kliniki."

Baba huyu ameulizwa swali moja tu, kwa sababu mengine aliyajibu kabla hayajaulizwa. Hakutumia maneno makubwa, wala hakukuza hali ili ahudumiwe upesi. Anayekuza dalili humpotosha mtaalamu sawasawa na anayezificha.

Maandalizi ya mchana

Simu ya usiku huandaliwa mchana. Kila kaya yafaa iandike kwenye karatasi na kuibandika mahali panapoonekana: namba 115 na 199; namba ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii; namba ya dereva wa bodaboda au gari aliyekubali kuitwa usiku; jina kamili la kijiji, kitongoji na kata; na jina la shule, msikiti, kanisa au zahanati iliyo karibu, ambalo hata mgeni anaweza kulitafuta. Kadi ya kliniki na dawa anazotumia mgonjwa ziwekwe pamoja. Penye mtandao hafifu, wanakaya wajue mapema ni wapi karibu na nyumba simu hushika vizuri, wasije wakapanda kilima gizani wakitafuta mawimbi huku mgonjwa akizidiwa.

Simu isipopokelewa

Simu isipopokelewa, kaya isikae ikirudia namba ileile mpaka kupambazuke. Mmoja aendelee kupiga, mwingine amwite mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mtumishi wa zahanati, na wa tatu atafute usafiri.

Baadaye, mgonjwa akishapata huduma, kasoro hiyo isiachwe ipite. Kauli ya jumla kwamba simu hazipokelewi haina pa kuanzia uchunguzi. Kauli inayotaja tarehe, saa, namba iliyopigwa, mtandao uliotumika na idadi ya majaribio hufuatilika. Maelezo ya namna hiyo yapelekwe kwa kamati ya usimamizi wa kituo au kwa mtendaji wa kijiji, na yaulizwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hupaswa kufanyika walau kila miezi mitatu. Kutoka hapo hufika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani huweza kuyafikisha halmashauri. Hivyo mkazi hutimiza wajibu wake kwa kujibu maswali usiku, naye huwa na haki kamili ya kuuliza yake mchana.

Maswali ya kujipima

1. Mjamzito ameanza kutokwa damu saa saba usiku. Namba gani ipigwe kwanza, na kwa nini?

2. Mtoto wa miaka 2 ana kikohozi na anavuta pumzi 46 kwa dakika. Je, pumzi hizo ni za haraka?

3. Taja maswali matatu ambayo mpigaji apaswa kuyauliza kabla ya kukata simu.

4. Ni malalamiko gani kuhusu simu za usiku yanayofaa kufikishwa katika mkutano wa kijiji, na yaambatane na maelezo gani?

5. Je, kila aliye nyumbani, pamoja na watoto wanaojua kusoma, anaweza kumweleza mgeni kwa simu mahali nyumba ilipo? Wajaribu leo jioni, mmoja baada ya mwingine.