SOMO LA MWEZI: KURUDI MTONI PAMOJA NA WATOTO

Fungu la kusoma: Yohana 21:1-19



Kila mtu anapo mahali pa utotoni anapopakumbuka kwa hamu. Kwangu mimi ni kando ya Mto Ruhuhu, si mbali na mahali unapoingia Ziwa Nyasa. Hapo marehemu baba alinifundisha kufunga ndoana kwenye mshipi, kuchimba nyungunyungu, na kukaa kimya. Wakati wa mvua mto ulipojaa, samaki waitwao mbasa waliacha ziwa, wakapanda mto kwenda kutaga mayai. Kiangazi maji yalipopungua, vilibaki vidimbwi pembeni, na ndani yake kambale na perege.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, nilikwenda huko pamoja na dada yangu mkubwa na mjukuu wangu wa miaka 11, aliyelelewa mjini. Tangu utoto wake nimemsimulia habari moja: jinsi nilivyovua samaki 30 mchana mmoja kwa ndoana moja, nikiwa na umri kama wake, na jinsi baba alivyonisifu mbele ya majirani. Kila Krismasi aliniomba niirudie.

Basi tulimwonyesha kidimbwi. Akatupa ndoana yake asubuhi, akangoja hadi jua la utosi asipate kitu. Mwisho akasema, "Babu, labda mimi sina mkono wa kuvua kama wako."

Dada alinitazama, asiseme neno. Maana yeye ndiye aliyebeba kikapu siku ile ya zamani, na ndani ya kikapu hamkuwa na nyungunyungu. Mlikuwa na majani ya utupa.

Wenyeji wa mtoni wanaujua utupa. Majani yake hutwangwa na kutiwa katika maji yaliyotulia. Utomvu wake huwazuia samaki kupumua, nao huelea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo. Siku ile tuliokota wale wakubwa, tukaviacha vitoto vya samaki vioze. Baba alikuwa ametukataza. Nami nilimwambia nimewapata kwa ndoana, akafa akiamini hivyo.

Ningaliweza kunyamaza. Ningaliweza pia kuwalaumu vijana wa leo wanaokokota vyandarua mtoni, nao kweli wanakosa. Lakini mtoto alikuwa anajidharau kwa sababu ya uongo wangu. Nikamwambia yote.

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Bibi naye alijua?" Dada akajibu, "Nilijua, mjukuu wangu. Nami nilikula wale samaki." Mtoto hakucheka wala hakunifariji. Alichukua nyungunyungu mwingine, akasema, "Basi nifundishe alivyokufundisha baba yako." Jioni tulipata kambale mmoja, tukamwoka hapo hapo, tukamla watu watatu.

MAFUNDISHO

1. Petro naye alirudi kwenye maji aliyoyazoea. Alikuwa pamoja na wenzake sita, wakavua usiku kucha bila kupata kitu. Asubuhi walikuta ufuoni moto wa makaa, na samaki juu yake. Angalieni: Petro alipomkana Bwana alikuwa akiota moto wa makaa (Yohana 18:18). Bwana aliwalisha kwanza, ndipo akamwuliza mara tatu, kama alivyokana mara tatu. Hakulipita kosa kana kwamba halikuwako, wala hakumfukuza mkosaji. Alimpa kazi ya kuwatunza wadogo.

2. Tunapowarudisha watoto wetu mahali tulipopapenda, tusiwape utamu peke yake. Hadithi iliyopambwa humfanya mtoto ajione duni. Habari ya kweli, hata ikiwa na aibu ndani yake, humpa mahali pa kuanzia.

3. Mto si mali ya kizazi kimoja. Nchini Tanzania, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti. Lakini kabla ya sheria hiyo baba zetu walijua sababu: mwenye kuua vitoto vya samaki leo amekula chakula cha mjukuu wake. Hali kadhalika, mwenye kuziba mdomo wa mto kwa nyavu wakati mbasa wanapopanda kutaga, anazuia samaki wa miaka ijayo.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

(a) Ni mahali gani pa utotoni ungependa kuwaonyesha watoto wako? Pakoje sasa?

(b) Je, iko habari unayopenda kuisimulia ambayo si ya kweli yote? Ni nani anayeumia kwa ajili yake?

(c) Katika kijiji chetu, ni uvuvi wa namna gani unaoharibu mto au ziwa? Nani aanze kuuacha?

Wiki hii, kila mzazi na amchukue mtoto mmoja, aende naye mtoni, ziwani au shambani alikokulia, amweleze habari moja ya kweli. Wasioweza kusafiri, hata jikoni panafaa.

Bwana atupe ujasiri wa kusema kweli mbele ya wadogo wetu.